Mti wa Ploti ya Kumi na Saba

Mti wenyewe upo. Uko Kona Baridi, chini kidogo ya pale magari husimama watu watazame bonde, nao ni oltepesi, mgunga wa matawi yaliyotandazwa kama mkeka ulioanikwa. Niliuzunguka asubuhi nzima nikiupiga picha, hatua moja, picha moja, upepo ukinivuma masikioni, hadi nikawa na picha za kutosha kuilisha kompyuta. Kompyuta ikaziunganisha, ikanirudishia mti mzima ambao ningeweza kuugeuza, kuukuza na kuupanda popote. Ninaanza na mti kwa sababu, katika yote ninayoyaonea aibu hapa, huo siuonei. Ni mti wa kweli. Kosa langu ni mahali nilipoupanda.

Wakati ule nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na riwaya ambayo haijaisha haimlishi mtu. Jumamosi moja moja nilikwenda Nairobi kukaa na waandishi wenzangu, tukisomeana kurasa na kubishana juu ya ukweli hadi chai ikapoa. Siku nyingine zote nilikuwa Kitengela, ghorofa ya pili juu ya duka la mabati, nikiitengenezea kampuni ya kuuza ploti picha za mandhari kwa kompyuta. Wanaoifanya kazi hiyo huiita render. Unapewa ardhi kama droni ilivyoiona kutoka juu, tupu, ya kijivu, na unatakiwa uirudishe ikiwa mahali ambapo mtu angetamani kuzeekea.

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyokubali mbele ya wenzangu. Niligundua kwamba nyasi haziwi nyasi mpaka mwanga upite ndani yake. Ukiliacha jani liwe kama bati, jicho linalikataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini. Lakini ukiliruhusu jua lipenye, jani likawa la manjano kwa nyuma, mtu anaanza kusikia harufu ya umande. Niligundua kwamba vumbi la kwetu lina rangi ya waridi asubuhi, na kufika jioni linakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwa wiki nzima nilisimama dirishani nikitazama malori ya saruji yakiliinua, na jua likikaa ndani yake kidogo kabla halijashuka tena barabarani. Halafu nilirudi mezani nikahangaika na namba mpaka vumbi langu nalo likashika jua. Siku lilipolishika, machozi yalinitoka. Hilo sikumwambia mtu.

Ardhi tuliyopewa ilikuwa ng'ambo ya Isinya ukielekea Kajiado mjini, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Sikufika. Hakuna aliyenituma, nami sikuomba. Nilikuwa na picha za droni, na katika picha hizo, katikati kabisa, palikuwa na doa jeusi, laini, lisilo na kichaka hata kimoja. Kando zote vichaka vya miiba vilikuwa vimesongamana, ila pale hapana. Mimi nimekulia Kitengela. Ninaujua udongo mweusi, ule watu huita black cotton, unaopasuka wakati wa kiangazi mpaka mguu wa mbuzi ukazama, na mvua ikija unavimba na kushika maji kama beseni. Nilijua lile doa ni nini.

"Hapa maji husimama," nilimwambia meneja.

Alikuwa mtu mcheshi, asiyekasirika kamwe. Aliinama akatazama kompyuta yangu. "Wewe ni mtu wa mvua ama ni mtu wa picha?"

"Wa picha."

"Basi weka kitu hapo. Panakaa kama kidonda."

Nikafunika pale kwa nyasi, na juu ya nyasi nikapanda mti wangu wa Kona Baridi.

Kisha jua. Wateja walikuwa wakiulizia vitu viwili, Kilimanjaro na mwanga wa jioni. Kutoka ardhi ile mlima uko kusini, na jua hutua magharibi, kama kwingine kote. Huwezi kuvipata viwili katika fremu moja. Lakini kwenye programu kuna gurudumu dogo la kuzungusha jua, na nililizungusha mpaka likakaa begani mwa mlima. Mlima wenyewe nikaukuza, ukasogea hadi theluji yake ikaonekana. Kwenye njia niliweka mtoto akiendesha baiskeli. Kivuli cha mti kikalala kirefu juu ya nyasi kuja upande wa mtazamaji, kikaifunika nusu ya ploti ya kumi na saba. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na hata leo, nikiwa najua yote ninayoyajua, nikiiona naipenda.

Mama yangu ana agrovet, duka la dawa za mifugo na chakula cha kuku. Wafugaji humwita Mama Dawa. Alikuja Kitengela kutoka Murang'a nikiwa mgongoni, na tangu hapo amekuwa mpangaji. Sikumsikia akilalamikia kupanga isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni jua. Kila nyumba tuliyohamia, sebule ilitazama magharibi, na kila alasiri ilikuwa tanuri. Alikuwa akifungua mlango, anasimama kizingitini na kanga kichwani, anasema, "Nikijenga yangu, nitakaa nje saa kumi kama mtu."

Nilimwonyesha picha siku ileile niliyoimaliza. Aliishika simu kwa mikono miwili. Akauliza kama mlima ni ule tunaouona kutoka Kitengela, nikasema ni huo. Jioni nikaikuta kwenye status yake ya WhatsApp, na chini ameandika, "Kazi ya msichana wangu." Wamama wa kikundi chake cha kanisani, kumi na wawili, walikuwa wakitafuta ardhi ya kununua pamoja kwa muda mrefu. Wakaanza kumuuliza. Kesho yake nilikuwa naye dukani nikipanga pakiti za dawa ya minyoo alipoinua simu na kuwarekodia jibu.

"Hiyo ni huku Isinya, mbele kidogo," alisema. "Na si maneno ya mabroka wa ardhi. Huyu wangu ndiye alipima, anaijua yote."

Sikuwa nimepima chochote. Niliendelea kupanga pakiti. Nilijiambia ni maneno ya mama tu, kila mama huongeza chumvi.

Walitia sahihi kabla ya kwenda kuona. Kampuni ilisema ploti zinaisha, na msichana wa Mama Dawa alikuwa ndani ya kampuni. Kwao hayo mawili yalitosha. Ploti waligawana kwa kura, karatasi zilizokunjwa ndani ya kikapu cha sadaka. Mama akapata ya nne, kando ya barabara. Ya kumi na saba ikamwendea rafiki yake anayeuza mayai. Kila mtu alimpongeza mama kwa bahati, kwa sababu barabarani mtu anaweza kufungua duka. Baada ya wiki moja yeye akaanza kumbembeleza rafiki yake wabadilishane.

"Unanipa barabara, wewe uchukue kivuli?" Mama Mayai alimuuliza, dukani kwetu, mbele ya wateja. "Mama Dawa, umelogwa."

"Nilogwe tu. Lete karatasi."

Wakabadilishana, na baada yao wengine wachache nao wakabadilishana ploti zao, picha mkononi.

Jumapili moja baada ya kanisa alikuja jikoni na ile picha, ameichapisha kwenye karatasi kubwa. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Aliitandaza mezani, akasogeza bakuli la vitunguu, na kwa penseli akachora nyumba ndogo juu ya ploti ya kumi na saba. Mstatili, mlango, na mbele ya mlango duara.

"Hapa ndio nitakaa," alisema. Alikuwa ameweka rula kutoka shina la mti hadi kwenye lile duara. "Mami, saa kumi kivuli kitakuwa kimefika hapa, sio?"

Huniita mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilitazama rula. Nilimwona mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, akipima kivuli nilichokuwa nimekiweka kwa kuzungusha gurudumu. Ningeweza kumwambia kwamba jua halipiti huko. Ningeweza kumwambia kwamba mti hauko. Ningeweza kumwambia kuhusu maji, na hilo peke yake lingetosha, kwa maana karatasi za kubadilishana zilikuwa bado hazijapelekwa ofisini. Zilikuwa ndani ya Biblia yake, juu ya friji, mkono wangu ungezifikia.

"Eeh," nilisema.

Nimejaribu mara nyingi kuielewa ile "eeh". Haikuwa ya woga wa kupoteza kazi. Nadhani nilitaka aendelee kuitazama picha yangu namna ile. Maishani hakuna aliyewahi kusoma kitu changu akiwa na rula na penseli, akitafuta mahali pa kukaa ndani yake.

Siku ya kuonyeshwa bikoni, alama za mipaka ya ploti, tulipelekwa na basi la kanisa, wamama wote kumi na wawili na mimi. Walibeba thermosi za chai, mandazi, maji ya kunyunyiza kwenye kila ploti baada ya maombi. Mama alibeba kiti cha plastiki. Wenzake walipomuuliza, alisema kila mtu ataombewa akiwa amesimama, yeye ataombewa akiwa amekaa kivulini.

Kampuni ilikuwa imemtuma kijana wa mauzo mwenye kofia yenye nembo. Tuliposhuka, wamama walisimama wakageuka huku na huku. Ilikuwa alasiri ya kiangazi. Ardhi ilikuwa ya kijivu na imepasuka, vichaka vya miiba vikipiga miluzi upepo ukipita, na upande wa kusini hakuna mlima, ukungu wa joto tu.

"Mti uko wapi?" mama aliuliza.

"Mti gani, mama?"

Akamwonyesha picha. Kijana akatabasamu. "Hiyo ni ya kuonyesha vile itakuwa."

"Itakuwa lini?"

"Watu wakishajenga, wakapanda miti."

"Huu ni mkubwa," mama alisema. "Mimi nitakuwa nimeshakufa."

Wamama wakacheka, na yeye akacheka. Alitafuta bikoni zake, moja baada ya nyingine, vijiti vya saruji vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Katikati yake hapakuwa na kichaka wala unyasi. Aliweka kiti pale ambapo kwenye karatasi alikuwa amechora duara, akaketi juani, mkoba mapajani.

"Kivuli changu kiko njiani," aliwaambia. "Kimechelewa kwenye foleni ya Athi River."

Walicheka tena, lakini baadhi yao walikuwa wameanza kunitazama.

Ndipo akatokea mama mmoja wa Kimaasai na mbuzi wake. Alikuwa mteja wa duka letu, anayenunua dawa ya kupe kila mwezi, na alimtambua mama kutoka mbali.

"Supa, Mama Dawa."

"Ipa," mama akaitikia kwa Kimaasai.

"Umefungua duka hapa? Ni nini unafanya kwa kisima?"

"Kisima gani?"

"Si hii umewekea kiti." Alichora duara kubwa hewani kwa fimbo, duara lililoanzia mbali nyuma ya mama na kuishia miguuni mwetu. "Mvua ikinyesha, ng'ombe yetu inakunywa hapa mpaka mwezi wa saba. Saa hii imekauka tu. Ukikaa mpaka April utatoka ukiogelea."

Mtu akampa ile picha. Aliishika, akaigeuza juu chini, akairudisha. "Hii ni wapi?"

"Ni hapa."

"Hapana." Akanyoosha fimbo kusini, kwenye ukungu. "Mlima ni kule." Akainyoosha magharibi. "Jua inalala kule. Hii yenu inalala kwa mlima." Aliitazama zaidi. "Labda ni jua ya Tanzania."

Walicheka sana, hata kijana wa kampuni alicheka. Mama Mayai alijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Nilikuambia umelogwa," alisema, halafu akakishusha kile kitambaa, kwa sababu aliona kwamba mama hacheki.

"Huyu mtoto alipima," mama alisema. Alikuwa bado amekaa. "Kompyuta haikosei hivyo. Kama kungekuwa na maji, angeona, angeniambia. Mami, waambie."

Sauti yake haikuwa na swali ndani yake. Alikuwa ananifungulia mlango ili nitoke. Ningesema tu kwamba nilipima na kwamba huyu mama wa mbuzi anazungumzia mahali pengine, na mama angenishika mkono mbele ya wenzake, angejenga palepale, angeingia ndani ya maji kwa ajili yangu. Nililiona hilo waziwazi kuliko nilivyowahi kuona mwanga wowote.

"Sikupima," nilisema. "Sijawahi kufika hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Alinitazama. "Na maji?"

"Niliyaona."

"Uliyaona wapi, na hukufika?"

"Kwenye picha ya droni. Kulikuwa na doa. Nikajua."

"Ulijua kabla ya ile Jumapili?"

"Ndiyo."

"Ile ya rula."

"Ndiyo, Mum."

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akatoa leso mkobani, akapangusa kiti vumbi, kwa utaratibu, mgongo na mikono yake, kama anayemwandalia mgeni. Sikujua pa kuweka macho. Nilitazama nyufa za ardhi. Nilikuwa nimezipaka nyasi nyufa zile, moja moja, kutoka Kitengela.

Kisha akawageukia wamama. "Mmesikia kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi niliwaambia alipima, na hakupima. Kama kuna mwingine alichagua kwa sababu ya hii picha, aseme tukiwa hapa."

Nilitarajia zogo. Badala yake mmoja akainua mkono, akafuata mwingine, wakafika wanne. Mmoja alikuwa amebadilisha ploti ya pembeni kwa kuwa kwenye picha ile ya ndani ilikuwa na maua. Wawili walitaka kuwa karibu na mti. Wa nne alikuwa mjane, anayeishi peke yake, mtu asiyesema sana hata kwenye kikundi.

"Mimi ni kwa sababu ya huyo mtoto wa baiskeli," alisema. "Nilidhani kuna watu wameshahamia. Nikasema basi sitakuwa peke yangu."

Aliyasema hayo akinitazama kwa upole, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea kwa kuamini. Nilitaka mtu anitukane. Hakuna aliyenitukana. Walimimina chai, wakagawana mandazi, wakaomba maombi mafupi kwenye zile ploti nyingine saba. Kwenye zile tano, pamoja na ya mama, hawakuomba.

Jumatatu asubuhi mama alivaa nguo yake ya kanisani. "Chukua kompyuta yako," aliniambia. Alifunga duka, jambo ambalo halifanyi siku ya kazi, na tukapanda ngazi za ofisi yangu, yeye mbele, wamama wanne nyuma yake, mimi nikiwa wa mwisho.

Meneja alitukaribisha kwa furaha. Aliagiza viti. Alisema zile picha ni za matangazo, kila mtu anajua. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Fungua."

Nikafungua picha ya droni, ile ya kwanza kabisa, kabla sijaigusa. Nikaiweka kando ya ile iliyokamilika. Nikaeleza mbele yao doa ni nini, nilimwambia nani na alinijibu nini, na kwamba baada ya kujibiwa niliendelea. Nilikuwa na bidii ya kujieleza, nikaanza kusema habari za mwanga na mlima na gurudumu la jua, mpaka mama akaniwekea mkono begani na kusema, "Hayo ya jua hawakuuliza."

"Hata wewe?" meneja aliniambia, bila hasira, kwa mshangao wa kweli.

Alikubali kuwahamisha wale watano. Nafasi zilizobaki zilikuwa juu, nyuma kabisa ya ardhi, penye mawe na mteremko, mbali na wenzao saba. Walizichukua. Mama Mayai alibaki na ile ya barabarani, na alimwomba mama mara mbili aichukue tena. Mama alikataa. Alisema walibadilishana wakiwa na akili timamu, na kwamba akichukua barabara, rafiki yake ataachiwa mawe. Mimi kazi yangu iliisha wiki hiyo. Hakuna aliyenifukuza, waliacha tu kunitumia picha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nairobi, nikawasomea wenzangu sura ya riwaya yangu yenye maelezo marefu ya alasiri. Mmoja akasema ninajua kuandika mwanga. Nikakunja karatasi. Sura hiyo haimo tena kwenye riwaya.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Mama aliongea nami kama kawaida, kuhusu dawa na kuku na nani amezaa. Ila kulikuwa na jambo moja jipya. Nikimwambia habari ya mahali popote, kwamba soko limehamishwa, kwamba barabara ya Tuala imeharibika, alikuwa akiuliza, "Ulifika?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua. Nami nikawa ninafika. Nikawa ninatembea hadi kwenye kitu kabla ya kukitaja, na hata hivyo swali lilinichoma kila mara.

Mvua za masika ziliponyesha tulikwenda pamoja kwenye ploti yake mpya, kupanda miche ya ua. Yeye alichimba, mimi nikabeba maji kwa mtungi, jambo la kuchekesha kwa kuwa chini yetu, pale tulipokuwa tumesimama siku ile, kulikuwa na ziwa. Sijui niliite nini tena. Lilikuwa limeenea kupita duara la ile fimbo, ng'ombe wamesimama ndani hadi magotini, bata wawili wa porini, na anga lote limelala pale chini, mawingu na rangi zake, kimya. Jua lilikuwa linashuka magharibi. Mlima ulikuwa umejitokeza kusini, mdogo, wa samawati, haugusi kitu chochote.

Ukingoni mwa maji palikuwa na watu wawili. Mwanamume mrefu wa Kisomali, wa makamo, suruali ameikunja hadi kwenye mashavu ya miguu, na nyuma yake, pakavu, mkewe katika jilbabu ya kijani kibichi. Yule mwanamume alikuwa na karatasi mkononi. Aliitazama, akatazama maji, akasogea hatua kadhaa kushoto, akaitazama tena.

Mama aliacha kuchimba. Alimtazama muda mrefu.

"Yule anatafuta mti," alisema. "Wameiuza tena."

Nilikuwa nimeshajua, tangu nilipoiona karatasi. Nilikuwa nimesimama na mtungi nikitumaini kwamba hajaona.

"Nenda umwambie."

"Mum, labda..."

"Labda nini?"

Niliweka mtungi chini nikateremka. Udongo mweusi ukilowa hushika viatu. Kila hatua unabeba kilo ya ardhi, na ukiikung'uta, hatua ya pili inakuletea nyingine. Ilinichukua muda kufika, na muda wote huo alikuwa ananitazama nikija, kwa adabu, akisubiri.

"Salaam, dada," alisema. "Wewe ni wa hapa? Tunatafuta namba kumi na saba. Ofisi imesema ukiona mti, umefika."

"Kumi na saba iko ndani ya maji," nilisema. "Na mti hauko. Haujawahi kuwako. Maji hukaa mpaka mwezi wa saba kila mwaka. Tafadhali usimalize kutia sahihi kama hujamaliza, na kama umemaliza, ninayo picha ya ardhi kabla haijabadilishwa. Nitakupa."

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Wewe umejuaje haya yote?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo picha."

Aliitazama karatasi tena, kwa makini, sasa kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu. Akapitisha kidole gumba juu ya kivuli, juu ya nyasi, hadi kwenye theluji ya mlima.

"Ni nzuri," alisema. "Mke wangu ndiye aliyechagua. Alisema hapa mama yake anaweza kukaa nje."

Mkewe alimwita kutoka pale pakavu, akiuliza jambo kwa lugha yao. Yeye akageuka akaanza kumweleza. Maelezo yalikuwa marefu. Nilisikia neno la Kisomali nisilolijua, kisha Kilimanjaro, kisha kompyuta. Mwanamke aliacha kumtazama mumewe akaanza kunitazama mimi. Nilisimama palepale, viatu vikizama, nikingoja afike mwisho.